Pedi ya Pili

Kiwangwa,
24 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Muharami,

Assalaam alaikum. Funga inakwendaje huko Tanga? Wifi yangu Kuruthumu hajambo, na ile cherehani yake imekubali kutulia? Sisi huku tupo, alhamdulillah. Mvua zimeanza na mihogo imeshika. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, anakusalimu. Goti linamtesa lakini kuacha kufunga hataki, ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana.

Najua umepiga sana simu hunipati. Nimeizima, nikampa Bi Tatu aifungie kabatini. Tangu mume wangu Mwinjuma atutoke, kila anayepiga analia, akilia yeye nalia na mimi, na mwanangu Batuli yuko hapo hapo anasikiliza. Nikaona niandike. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenikalisha akaninyooshea mwandiko, mimi niliyeishia darasa la nne, basi nawe vumilia mistari yangu. Barua anaibeba shemeji Amiri akipeleka mananasi Msata, anamkabidhi kondakta wa basi la kwenu. Na wewe jibu lako lipitishe huko huko.

Sasa jambo lenyewe. Ile kompyuta ya steshenari ya marehemu tumeihamishia nyumbani, iko chumba cha mbele. Unakumbuka yeye na Batuli walivyokuwa wakishindana mpira kwenye ile kompyuta akishafunga duka, mpaka majirani wanauliza nani anapigana. Walikuwa na pedi za gemu mbili. Ya baba yake, Batuli ameiviringisha kwenye kofia ya marehemu akaiweka juu ya kabati, na hakuna wa kuigusa. Anacheza peke yake na ile ya kwake, sauti amezima.

Muharami, mtoto hasemi. Tangu tulipotoka kuzika hajatamka neno. Ukimuuliza anatikisa kichwa. Chakula anakula, kazi anafanya, swala anaswali, ila mdomo umefungwa. Matokeo yake ya Kidato cha Nne ulisikia yalivyokuwa mazuri, tunangoja tu kupangiwa shule. Wataniita lini nimpeleke, na atajibuje jina lake likiitwa?

Kwa hiyo naomba unichagulie pedi nyingine huko dukani kwa Mahmoud unakofanya kazi. Kuna mgeni atakuja, mtu mzima, angependa kucheza naye. Mimi vitu hivyo sivijui.

Dada yako,
Saida


Tanga,
4 Aprili 2024

Dada yangu Saida,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinukia nanasi, kondakta aliiweka juu ya tenga. Kuruthumu anakusalimu sana na cherehani bado mkorofi. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea yeye. Akasema, "Wifi anaandika kama anavyoongea, namsikia kabisa." Kweli, dada. Mimi niliyefika chuo barua zangu zinasomeka kama tangazo la maji kukatika.

Ya Batuli yamenichoma. Sina la kukuambia ambalo hujajiambia mwenyewe. Mungu amfungue.

Tuje kwenye pedi. Nimemuuliza Mahmoud, akanitolea boksi zima, na humo ndani nimegundua kwamba pedi ni kama viatu, huwezi kumnunulia mtu bila kujua mguu. Kuna za waya na zisizo na waya. Zisizo na waya zinapendeza macho, lakini zinataka chaji, na kompyuta ya shemeji ni ya zamani, sidhani kama itazishika bila kuongezewa kifaa kingine. Halafu kuna zile zenye vijiti viwili vilivyokaa usawa mmoja, na zile ambazo kijiti cha kushoto kimepanda juu na cha kulia kimeshuka. Tena kuna ambazo ukichomeka tu kompyuta inazitambua, na nyingine mpaka uipange kwanza, ukikosea kitufe cha kupiga shuti kinakuwa cha kuunawa mpira.

Kwa hiyo nijibu haya. Ya Batuli vijiti vyake vimekaaje? Huyo mgeni ana mikono mikubwa au midogo? Amewahi kucheza au ndiyo kwanza anaanza? Na ni nani, tunamfahamu?

Idi njema mapema.

Mdogo wako,
Muharami


Kiwangwa,
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Muharami,

Marahaba. Idi tuliipokea kimya kimya, pilau tulipika kwa ajili ya watoto wa jirani. Mimi niko na kanga zangu zile zile za eda, sitoki, naletewa hata chumvi. Mvua imezidi, njia ya kutokea barabara ya Msata imekuwa matope matupu, Amiri anasema gari linaogelea. Bi Tatu yupo, goti limepoa, amepata nguvu za kugomba.

Umeniuliza maswali nami nimeyafanyia kazi. Batuli alipokwenda bombani nikaichukua pedi yake. Vijiti viko viwili, vina vichwa kama uyoga, cha kushoto kiko juu na cha kulia kiko chini. Kulia kuna vitufe vinne vya rangi. Kwa mbele, pale vidole vya shahada vinapopumzika, kuna vingine vinavyobonyea kama ulimi wa kasuku. Ina waya, na huo waya unaingia tundu lile lile marehemu alikokuwa akichomeka flashi za wateja. Nilipoishika vidole vyangu vilifika vyote isipokuwa vile vya mbele, hapo ilibidi ninyooshe.

Mgeni mikono yake ni ya kawaida tu ya mwanamke wa huku. Vidole vifupi, madole gumba yamekomaa kwa kusuka ukili wa mikeka. Hajawahi kucheza hata siku moja. Jina lake utalijua akishafika.

Ila nakuomba isiwe ya kupiga kelele. Hapa watu bado wanaingia kunipa pole, na mtu akikuta makelele ya mpira kwenye nyumba ya mjane atakwenda nayo mpaka sokoni.

Nikuambie kitu, Muharami. Jioni nakaa nyuma yake kwenye mkeka nasuka ukili wangu, namtazama anavyocheza. Sikujua. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia yeye na baba yake waache upuuzi waje kula. Kumbe mtoto huyu anaona uwanja mzima! Mpira ukiwa huku, yeye ameshajua nani yuko wazi kule, anampelekea pale pale miguuni, na huyo naye anampelekea mwingine, ni kama anawaita mmoja mmoja kwa majina yao. Nikawa nasema moyoni, mwanangu huyu hajawa bubu, anaongea na watu kumi na mmoja, sisi ndio hatumo.

Chagua vizuri, tafadhali. Nahofia nikiletewa ile isiyofaa sitathubutu kuomba tena.

Saida


Tanga,
19 Mei 2024

Dada Saida,

Shikamoo. Najua umenuna, mwezi mzima umepita. Kwanza ilikuwa njia, mabasi yalilala upande wa pili wa mto kwa maji. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba sikutaka kukuletea kitu ambacho sijakijaribu, na mimi kujaribu haitoshi, maana nimecheza gemu tangu ujana. Mkono wangu unajua mambo ambayo mkono wa mgeni wako hauyajui.

Basi nilimwomba Mahmoud aniazime pedi tatu nikaenda nazo nyumbani kwa zamu, nikampa Kuruthumu. Wifi yako hajawahi kushika pedi, na vidole vyake vifupi.

Ya kwanza ilikuwa nzuri ya kuwaka taa, haina waya. Tukahangaika nayo jioni nzima mpaka kompyuta ikaitambua, halafu alipoanza tu kupata moto chaji ikaisha. Akaniuliza, "Hii inachezwa au inalishwa?" Ya pili ilikuwa ya bei poa, nyepesi kama ganda la korosho. Kijiti chake kililegea, mchezaji akawa anatembea mwenyewe kuelekea nje ya uwanja bila kuguswa. Kuruthumu akadhani ndivyo inavyotakiwa, akamfuata kwa macho, akasema maskini labda amechoka.

Ya tatu ndiyo hii niliyokufungia. Nyeusi, haina mapambo. Vijiti vyake vimekaa kama vya Batuli, cha kushoto juu, cha kulia chini, kwa makusudi, ili Batuli akitaka kumwelekeza mgeni mikono yao ifanane. Ni ndogo kidogo, vidole vifupi vinafika mbele bila kunyooshwa. Mgongo wake unakwaruza kidogo, jasho haliitelezeshi. Waya wake ni mrefu, mtu anaweza kukaa chini kwenye mkeka akiwa ameegemea ukuta. Ukiichomeka, kompyuta inaijua hapo hapo.

Kitu kimoja tu. Mtu akikuchezea rafu au mpira ukigonga mwamba, pedi hutetemeka mikononi. Ni injini ndogo humo ndani, haina madhara wala haipigi shoti. Kuruthumu aliirusha kitandani. Mwambie mgeni asishtuke.

Sikuulizi tena ni nani. Mwambie tu ashike kwa wepesi, asiibane kama mpini wa jembe, na kufungwa mabao si aibu, wote tulianza hivyo.

Muharami


Kiwangwa,
9 Juni 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena na tena. Mzigo ulifika mzima, Amiri aliubeba kifuani kama mtoto mchanga. Mvua zimekatika, barabara imekauka, na sisi wote wazima. Kuruthumu mwambie wifi yake anamshukuru kwa vidole vyake.

Muharami, yule mgeni ni mimi.

Niliona haya kukuandikia. Mwanamke mzima, yuko eda, mumewe hajamaliza mwezi kaburini, anaagiza kitu cha kuchezea mpira. Lakini nilikuwa nimejaribu kila njia. Nimembembeleza, nimemsomea, nimemgombeza, Mungu anisamehe. Nikaona huyu mtoto amejifungia chumba ambacho mlango wake siujui, isipokuwa huo mmoja aliokuwa akipita baba yake.

Basi ile siku nikaichomeka mwenyewe, nikakaa mkekani kando yake. Akanitazama. Akaitazama pedi. Nikamwambia, "Nifundishe." Akatikisa kichwa. Nikasema, "Haya, usinifundishe, nifunge tu." Akabonyeza akaanzisha mechi.

Nikwambie alinipiga? Alinipiga mpaka nikamhurumia golikipa wangu. Siku ya kwanza, ya pili, siku zote zile, na neno hakuna. Mara pedi ikatetemeka, nikapiga ukelele, "Yarabi!" nikaiachia ikaangukia kwenye ukili. Yeye akaiokota akanirudishia mkononi, akavishika vidole vyangu akavipanga kimoja kimoja mahali pake. Nilimshukuru Mungu kwa hilo tu.

Halafu ikaja Alhamisi. Mchana kweupe, Bi Tatu amejilaza. Kipindi cha kwanza nilikuwa nimejitahidi, amenifunga mawili tu. Cha pili kikaanza. Nikaupata mpira, Muharami, nikaukokota mwenyewe, hakuna anayenizuia! Nikashangaa leo nimekuwa hodari namna gani, nikakibana kijiti, nikakimbia mpaka langoni nikapiga shuti kubwa. Wavu ukatikisika. Nikainuka nikipiga vigelegele na kanga inanidondoka.

Batuli akapiga kelele, "Mama! Lango lako hilo! Wamebadilisha upande!"

Yaani lango langu mwenyewe. Mimi nilikuwa sijui kama wakipumzika wanabadilishana.

Nikasimama vile vile na mkono juu. Yeye naye akajiziba mdomo, kama aliyemwaga kitu. Halafu akaanza kucheka, anacheka mpaka machozi, kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio anasema, "Baba naye alifanya hivyo. Mara ya kwanza kabisa, Baba naye alifanya hivyo hivyo." Nikamkalisha mapajani, jitu zima lile, akaniambia mambo ya baba yake mpaka adhana ya alasiri. Mengine nilikuwa siyajui mimi mkewe.

Nilipogeuka nikamwona Bi Tatu kasimama mlangoni. Mimi na pedi mkononi, kanga chini, ndani ya eda ya mwanawe. Nikasema, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nimekuja kuona nani anapiga vigelegele." Akamtazama mjukuu wake kwa muda, akamwuliza, "Batuli, hujambo?" Batuli akajibu, "Shikamoo bibi." Bi Tatu akaitikia marahaba, akavuta pua, akaniambia mimi, "Eda imekuzuia kutoka nje na kujipamba. Kumlea mwanao haijakuzuia. Ila vigelegele punguza."

Tangu siku hiyo, tukicheza, yeye anatandika mkeka wake barazani. Mgeni akionekana njiani anakohoa kikohozi ambacho hana. Tunazima, nachukua tasbihi. Jana alikohoa vile, kumbe ni mbuzi. Batuli akamwambia, "Bibi, refa wewe unapuliza filimbi ovyo!"

Ninajifunza, mdogo wangu. Batuli anasema mimi nina kitu ambacho hata baba yake hakuwa nacho, sitazami vidole vyangu. Nikamwambia ukili nao hausukwi kwa kutazama, unaongea na watu huku mikono inakwenda. Bado ananifunga, ila sasa anatoka jasho.

Sasa lile jingine. Majina ya Kidato cha Tano yametoka. Amepangiwa shule ya bweni huko huko kwenu, na kuripoti ni mwanzoni mwa Julai. Eda yangu itakuwa bado haijaisha. Siwezi kumfikisha hata Msata. Neno lenyewe bado changa mdomoni mwake, anaongea na mimi na bibi yake basi, akija mtu mwingine anarudi kule kule kwenye kutikisa kichwa. Nahofia akipanda basi bila mimi mdomo utafunga tena. Nifanyeje?

Dada yako,
Saida


Tanga,
20 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na natumaini Idi ya kuchinja ilikuwa ya heri kwenu. Kuruthumu ameilia barua yako, akaicheka, akailia tena. Sasa anataka tununue pedi.

Nilijua ni wewe. Mgeni gani huyo anakuja kucheza mpira kwenye nyumba yenye eda, ana madole gumba ya kusuka ukili, na vidole vyake ukashindwa kuvipima ila kwa kujaribishia vya kwako? Sikusema kwa sababu wewe hukusema. Na pedi zile tatu nilikuwa nakuchagulia wewe, nikimtazama Kuruthumu nakuona wewe umekaa mkekani.

Dada, wakati mama anaumwa wewe uliacha darasa la nne ukabaki kutulea. Mimi nikaenda shule na sare uliyonifulia. Watu wakiniuliza nani alinisomesha nataja wengi, na wewe nakutaja wa kwanza. Lakini hili la juzi limenipita. Ningekuwa mimi ningemtafutia Batuli daktari, ningemtafutia shehe, na labda hata hao wangefaa. Kukaa chini ukakubali kufungwa kila siku na mtoto asiyekujibu, hilo nisingeliweza.

Kuhusu safari usihofu. Mimi nitakuja kumchukua mwenyewe, nitafika mpaka uani kwako. Shule haiko mbali na hapa, na kila ikiruhusiwa kumtembelea nitakwenda. Asiposema njiani, asiseme. Nitakaa naye kimya, kimya cha mjomba hakijawahi kumdhuru mtu.

Mfungie nguo za baridi, mabwenini hupiga upepo.

Muharami


Tanga,
6 Julai 2024

Dada Saida,

Shikamoo. Tumefika salama, Batuli nimemkabidhi shuleni jana, kitanda amepata cha chini karibu na dirisha. Kuruthumu alimshonea foronya mbili. Sasa naandika nikiwa nimechoka, na nikueleze kwa nini.

Pale kwako uani ulipomwachia mkono, aliinamisha kichwa, mpaka Msata hakusema kitu. Nikasema sawa, ndiyo ahadi yangu. Tukapanda basi. Tumepita vibanda vya mwisho vya Msata, akanigusa. "Mjomba, ile pedi uliyomchagulia mama ulijuaje itamfaa?" Nikamweleza habari za Kuruthumu na yule mchezaji aliyejiondokea mwenyewe uwanjani. Akacheka. Basi nikawa nimefungulia bomba! Dada, ameongea. Ameniambia habari za bibi yake na kikohozi, za baba yake alivyokuwa akidai penalti hata mpira ukiwa katikati, za lile goli lako, hilo kalirudia mara tatu na mara ya tatu kasimama kuonyesha ulivyoruka, abiria wote wakageuka. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akamwuliza, "Na mama yako hucheza kweli?" Akamjibu, "Anacheza bila kutazama mikono, mama. Mimi namwogopa sasa."

Segera nilijifanya nimelala ili nipumzike. Akaniamsha. Ameongea njia nzima, ameongea Muheza, tumeingia Tanga bado anaongea, na Kuruthumu alipofungua mlango akapokea pale pale mimi nilipoachia.

Masikio yananiuma. Sasa wewe mama yake niombe radhi.

Muharami


Kiwangwa,
14 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Eda imekwisha, wamekuja wanawake wakanitoa, nimeoga, nimetembea hadi dukani kwa miguu yangu mwenyewe na jua limenipiga usoni. Bi Tatu mzima. Simu nimeirudisha, utanipata ukipiga, lakini hili nimetaka nikuandikie.

Barua yako nimeisoma barazani mbele ya Bi Tatu. Pale uliposema alikuamsha Segera, nikashindwa kuendelea, akainyakua akijifanya anajua kusoma, akaishika juu chini, akaniambia, "Haya, hapa imeandikwa nini? Soma tena." Nikamsomea tena. Leo asubuhi kaniambia nisome tena.

Kwa masikio yako, pole. Siku ukienda kumtembelea atakuchosha vile vile, na mwezi unaofuata pia. Mimi mama yake nakuomba radhi kwa usumbufu wote huo, Muharami, na nakuomba na hili moja. Usimnyamazishe.

Dada yako,
Saida